Sumu ya Dawa za Njozi: Mgonjwa Asifungwe Kamba

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na daktari wa huduma za dharura mbele ya mkutano wa waganga wa zahanati, wauguzi na walimu wa shule za sekondari.)



Nimeombwa nizungumzie madhara yampatayo mtu mwilini anapodhurika kwa dawa za kulevya za aina ile iletayo maruweruwe, yaani dawa zinazomfanya mtu aone yasiyokuwapo, asikie yasiyosemwa, na asadiki kwamba ukuta ulio mbele yake unapumua. Katika mazungumzo haya nitaziita dawa za njozi. Zimo humo LSD, uyoga wenye kitu kiitwacho silosaibini, meskalini itokayo katika dungusi la Meksiko, vidonge vya ekstasi ambavyo ni jamaa wa karibu wa dawa hizo, pamoja na kemikali nyingi mpya zinazotengenezwa kwa siri na kuuzwa kwa majina ya zile za zamani.

Najua wapo kati yetu watakaouliza: haya yanatuhusu nini sisi, ambao taabu yetu kubwa ni bangi, mirungi, heroini na gongo? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba dawa hizi hazina uzito. Dozi ya LSD hukaa katika kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na karatasi haizuiwi na mpaka wala bandari. Jambo la pili ni kwamba, hata kama kijana wa wilaya yetu hajapata kuiona LSD maishani mwake, mmea uletao maruweruwe mabaya kuliko hayo yote unaota wenyewe kando ya njia zetu na katika majalala yetu. Nitaueleza baadaye. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii aweza kufika mlangoni petu usiku wowote.

Na anapofika, ndugu zangu, mara nyingi hafiki kwa miguu yake. Huletwa amebebwa na watu wanne, mikono imefungwa nyuma kwa kamba, na nyuma yake umati unaobishana kama amepagawa na pepo au ameingiwa na wazimu. Neno langu la leo linahusu kamba hiyo. Nataka kuwaonyesha kwamba inaweza kumuua mgonjwa kabla sumu haijamuua.

KIPIMO KIDOGO MNO

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo penye asili ya hatari. LSD ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1938 huko Basel, Uswisi, na mkemia aitwaye Albert Hofmann, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha dawa cha Sandoz. Nguvu yake haikujulikana mpaka Aprili 1943. Tarehe 19 ya mwezi huo Hofmann alijipima mwenyewe kwa kumeza robo ya miligramu, akiamini kwamba kiasi hicho ni kidogo kiasi cha kutofanya lolote. Haukupita muda akashindwa kuandika. Akarudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake. Huko nyumbani akaomba maziwa yamwondolee sumu, kama wengi wetu hapa tunavyofanya hata leo. Jirani aliyemletea maziwa hayo akamwona ni mchawi mwenye uso wa kutisha. Akasadiki kwamba anakufa na kwamba anawaacha mkewe na watoto wake.

Daktari alipoitwa alimpima akakuta mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu ni vya kawaida. Kilichobadilika ni mboni za macho tu, ambazo zilikuwa zimepanuka mno. Yale maziwa, ambayo alikunywa zaidi ya lita mbili, hayakumponya. Kilichomponya ni saa kupita. Hofmann aliishi mpaka mwaka 2008, akafariki akiwa na umri wa miaka 102.

Nimeileza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ina mafunzo matatu. La kwanza: hofu ya mgonjwa na hali ya mwili wake ni mambo mawili mbali, mtu aweza kulia kwamba anakufa na mwili wake ukawa mzima, na kinyume chake pia chawezekana. La pili: maziwa si dawa ya sumu hii. La tatu ni hesabu. Dozi ya kawaida ya LSD ni sehemu ya kumi ya miligramu moja. Kidonge kimoja cha parasetamoli mnachokijua kina miligramu 500. Kama uzito huo ungekuwa LSD tupu, ungetosha kuwalevya watu 5,000. Ni nani basi, huko vichochoroni, mwenye mizani ya kupima kitu cha namna hiyo?

Matokeo ya kukosa mizani yalionekana mjini San Francisco, Marekani. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1974, madaktari walieleza habari za watu 8 waliovuta puani unga mweupe wakidhani ni kokeini, kumbe ulikuwa LSD. Walifikishwa hospitali upesi sana, katika muda wa robo saa. Walikuwa wakitapika na kuanguka. Joto la mwili lilipanda. Baadhi walipoteza fahamu kabisa, baadhi wakaacha kupumua, na wengine wakaanza kutoka damu kwa sababu chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshindwa kazi yake. Hakuna aliyepewa dawa ya kuvunja sumu, maana dawa hiyo haipo. Walisaidiwa kupumua, wakapozwa joto, wakaangaliwa. Wote wanane walipona.

KINACHOUA SI NJOZI

Hapa pana jambo ambalo hapana budi tulielewe vizuri. Dawa nyingi za njozi hufanya kazi kwa kujipachika mahali panapostahili kukaa serotonini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana habari. Serotonini haishughuliki na fikra peke yake. Inashiriki pia katika kuongoza joto la mwili, mapigo ya moyo, misuli na tumbo. Ndiyo maana mtu aliyelewa dawa hizi, mbali na maruweruwe, huwa na mboni pana, jasho, kichefuchefu, mikono inayotetemeka, na moyo unaokwenda mbio. Kwa dozi ya kawaida ya LSD hali hiyo huanza baada ya nusu saa au saa moja na huendelea kwa saa 8 hadi 12. Kwa uyoga wa silosaibini ni saa 4 hadi 6. Wengi hurudi katika hali yao bila dawa yoyote.

Sasa, wale wasiorudi huuawa na nini? Huuawa na mambo manne au matano ambayo yote muuguzi aweza kuyaona kwa macho na kuyapima kwa vifaa vya kawaida.

La kwanza na kubwa ni joto. Mwili wa mtu huishi katika nyuzi 37. Ukifika 40 na kuendelea, hasa ukipita 41, misuli huanza kuyeyuka, na mabaki yake huingia katika damu na kuziba figo. Mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi. Damu hushindwa kuganda, ini huharibika, na mgonjwa huanza kutikisika kwa degedege. Joto hilo si homa. Homa ni ubongo kuamua kupandisha joto ili kupigana na ugonjwa, na parasetamoli huushauri ubongo ulishushe. Lakini joto la sumu hutoka kwenye misuli inayofanya kazi kupita kiasi, na parasetamoli haina la kuiambia misuli.

Ndipo tunaporudi kwenye kamba. Mtu aliyefungwa haachi kupambana. Hupambana zaidi, maana katika maruweruwe yake wale wanaomfunga ni maadui waliokuja kumchinja. Kila anapovuta kamba, misuli yake huzalisha joto na tindikali. Akilazwa kifudifudi na watu wakamkalia mgongoni, hawezi tena kupumua upesi ili kuiondoa tindikali hiyo. Moyo husimama. Watu husema, "Ametulia sasa." Kumbe amekufa.

La pili ni degedege, ambalo huja zaidi pale dawa hizi zinapochanganywa na nyingine. Tramado, ambayo vijana wengi barani Afrika huimeza kama kileo, yenyewe huweza kuleta degedege na tena huongeza serotonini mwilini. Hali kadhalika baadhi ya dawa za kutibu huzuni. Mgonjwa aliyechanganya hukakamaa miguu, na ukiusukuma wayo wake juu kwa ghafla, mguu huanza kudundadunda wenyewe bila kukoma. Ukiona dalili hiyo pamoja na joto na jasho, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali kubwa.

La tatu ni maji, na hili huwashangaza wengi. Ekstasi huuamuru mwili uzuie mkojo. Mwezi Novemba 1995 huko Essex, Uingereza, binti aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alimeza kidonge kimoja cha ekstasi. Kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo hukausha mwili, alikunywa maji takriban lita 7 katika muda wa dakika 90. Chumvi ya damu yake ilipungua, ubongo ukavimba, akapoteza fahamu, na baada ya siku chache akafariki. Basi tusimpe maji bila kikomo mtu aliyekula ekstasi, hasa anapolalamika kichwa na kuanza kusinzia.

La nne ni ajali: kudondoka kutoka ghorofani, kuingia barabarani, kuingia baharini usiku. Na la tano ni dawa iliyomezwa kwa jina lisilo lake. Hilo nitalieleza peke yake.

JINA SI DAWA

Mnunuzi wa dawa za njozi hununua jina. Kilichomo hakijui yeye, na mara nyingi hata muuzaji hakijui. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu Huru cha Berlin, ilitengenezwa kemikali ya kundi liitwalo NBOMe kwa ajili ya uchunguzi wa ubongo. Tangu mwaka 2010 hivi ikaanza kuuzwa mitaani ikiwa imenyunyizwa kwenye vipande vya karatasi kama LSD. Macho hayawezi kuzitofautisha. Lakini LSD kwa kipimo chake cha kawaida ni nadra kuua, na NBOMe imeua watu wengi, kwa joto, degedege na figo kufa. Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliziingiza kemikali tatu za kundi hilo katika orodha kali ya Mkataba wa mwaka 1971 unaosimamia dawa ziathirizo akili. Hata hivyo wakemia wa magendo hawangoji mikataba. Moja likipigwa marufuku, hutengeneza jingine.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vidonge vya PMA, vilivyouzwa kama ekstasi na kuua vijana kadhaa katika jimbo la Australia Kusini mwaka 1995 na 1996. PMA huchelewa kufanya kazi. Kijana humeza kimoja, huona hakuna kitu, humeza cha pili. Kisha vyote viwili huamka kwa pamoja.

Wala tusidhani kwamba hatari hii ni ya magendo tu. Mwezi Januari 1953 mjini New York, mgonjwa mmoja aitwaye Harold Blauer, mchezaji tenisi aliyelazwa kwa ajili ya huzuni, alichomwa sindano za kemikali za jamii ya meskalini katika majaribio yaliyogharimiwa kwa siri na jeshi la Marekani. Hakuambiwa ni kitu gani. Sindano ya tano ilikuwa na miligramu 450 za kemikali iitwayo MDA, ndugu wa damu wa ekstasi. Alitokwa na jasho, akakakamaa, akaingia degedege, akazimia, akafariki siku hiyo hiyo. Familia yake ilifichwa ukweli kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1987 mahakama ikaamuru serikali ya nchi hiyo ilipe fidia. Huyo alikuwa kitandani, amezungukwa na wataalamu. Sumu haikuuliza vyeti vyao.

Uyoga nao una udanganyifu wake. Uyoga wa njozi hufanana na mwingine wenye sumu iitwayo amatoksini, inayoua ini. Dalili za uyoga wa njozi huanza upesi, ndani ya saa moja. Za amatoksini huchelewa saa 6 au zaidi; mgonjwa hutapika na kuharisha, kisha hupata nafuu, watu hushukuru Mungu, na siku mbili tatu baadaye macho huwa manjano. Kwa hiyo aliyekula uyoga akaanza kutapika usiku wa manane baada ya kuula mchana, huyo asirudishwe nyumbani hata akisema amepona.

JASHO NA UKAVU

Sasa nautimiza ule ahadi niliouweka kuhusu mmea wa kwetu. Wataalamu huuita Datura, na watu wa Pwani huuita mnanaha. Wala msiuchanganye na mnanaa tunaotia katika chai. Una maua meupe au ya zambarau yaliyofanana na tarumbeta, na tunda la mviringo lenye miiba, ambalo ndani lina mbegu nyingi. Sumu yake ni ya jamii ya atropini. Iko vijana waliopata kuujaribu ili walewe, na wako waliokula bila kujua. Mwezi Machi 2019, katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, uji wa msaada ulisababisha watu karibu 300 waugue, na 5 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulikuta kwamba unga ule ulikuwa umeingiliwa na sumu ya mimea ya jamii hiyo. Waliougua walichanganyikiwa na kuweweseka, wala hakuna hata mmoja wao aliyetafuta ulevi. Fikirini kama kila mmoja wao angefungwa kamba na kuitwa mwendawazimu.

Muuguzi atatofautishaje sumu hizi mbili? Aanze kwa kupitisha mkono kwapani mwa mgonjwa. Wa LSD, wa ekstasi na wa NBOMe huwa na jasho. Wa mnanaha huwa mkavu: ngozi kavu yenye moto na wekundu, ulimi mkavu, hawezi kukojoa ingawa kibofu kimejaa, na ukiweka kipimo cha kusikilizia tumboni, tumbo liko kimya. Wote wawili wana mboni pana na moyo uendao mbio, kwa hiyo mboni peke yake haitoshi.

Kisha amsikilize. Aliyekula LSD kwa kawaida hujua jina lake na mahali alipo. Huweza hata kukuambia kwamba anayoyaona yatokana na dawa. Aliyekula mnanaha hajui. Huzungumza na shangazi aliyekwisha kufa, huokota hewani nyuzi zisizokuwapo, huvuta sigara ambayo haiko mkononi. Huyo asiachwe peke yake hata dakika moja, na maruweruwe yake huweza kuendelea kwa siku kadhaa.

NINI KIFANYIKE

Ndugu waganga na wauguzi, sasa nasema yatupasayo kutenda, nami nitasema yale tu yanayowezekana hata katika zahanati.

Jambo la kwanza, kamba ifunguliwe. Simaanishi kwamba mgonjwa aachwe aumize watu. Ikiwa hapana budi ashikwe, ashikwe na watu kwa dakika chache, amelazwa ubavu au chali, pumzi yake ikiangaliwa, mpaka dawa ya kumtuliza ifanye kazi. Dawa hiyo ni diazepamu au nyingine ya jamii yake, kwa vipimo vya mwongozo wa matibabu. Hutuliza hofu, hulegeza misuli, hushusha joto na huzuia degedege. Kazi nne kwa sindano moja.

Jambo la pili, tusikimbilie klopromazini kwa sababu tu mgonjwa anapiga kelele. Dawa hiyo huweza kuita degedege, kushusha shinikizo la damu na kuzuia jasho, na kwa mgonjwa wa mnanaha huongeza sumu juu ya sumu. Mwaka 1962 katika mji wa Oklahoma, Marekani, watafiti walimchoma tembo dume miligramu 297 za LSD. Alianguka baada ya dakika 5 akawa katika degedege. Katika kutaka kumwokoa wakampa dawa ya jamii ya klopromazini kwa kiasi kikubwa, pamoja na dawa nyingine ya usingizi. Alikufa kabla ya saa mbili kupita, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama aliyemuua ni LSD au ni waokozi wake.

Jambo la tatu, joto lipimwe kwa kipimajoto, lisikisiwe kwa kiganja. Likifika nyuzi 39 mvueni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni. Likipita 40, tumieni maji baridi na barafu kama ipo, bila kungoja gari. Maji ya mshipani atahitaji, ila kwa mgonjwa wa ekstasi anayesinzia muulizeni daktari kwanza.

Jambo la nne, na hapa naomba tusikilizane sana: mtu anayeweweseka katika nchi yetu apimwe malaria na sukari ya damu hata kama wenzake wote wanaapa kwamba amekula dawa. Malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo na kupungukiwa sukari huleta maruweruwe vilevile, na kila moja ya hizo ina dawa. Itakuwa aibu kubwa kijana afe kwa malaria ilhali sisi tunamhubiria juu ya ulevi.

Jambo la tano, asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa, mafuta au maji ya chumvi. Mtu asiye na fahamu timamu hupaliwa, na kilichopaswa kuingia tumboni huingia mapafuni.

Na jambo la sita ni la bure kabisa. Mtafutieni chumba kimya chenye mwanga hafifu, na mtu mmoja wa kukaa naye. Mtu huyo aseme kwa sauti ya chini, na arudie: "Jina langu ni fulani. Hapa ni hospitali. Ulichokula ndicho kinachokuonyesha hayo, nacho kitaisha. Sitaondoka." Maneno hayo ni tiba. Wagonjwa wengi wa LSD na wa uyoga hawahitaji zaidi ya hayo.

Baada ya kupona, aangaliwe tena siku za mbele. Wapo ambao kwa miezi huendelea kuona michirizi ya mwanga au rangi zinazotembea, na wapo waliokuwa na asili ya ugonjwa wa akili katika ukoo wao ambao dawa hizi huuamsha. Hao wapelekwe kwa mtaalamu.

UKWELI KWA VIJANA

Ndugu walimu, sasa naligeukia jukumu lenu. Wako wanaodhani kwamba njia ya kumlinda kijana ni kumtisha, hata kwa jambo lisilo la kweli. Humwambia kwamba tone moja la LSD humtia mtu wazimu wa milele, au kwamba kila aliyeonja amekufa. Kijana wa leo ana simu mkononi. Atasoma kwamba LSD kwa dozi ya kawaida ni nadra kuua. Atasoma kwamba tangu Julai 2023 nchi ya Australia imewaruhusu madaktari bingwa wa akili waliopewa kibali maalumu kuitumia silosaibini kwa huzuni iliyoshinda dawa nyingine. Atakapokuta kwamba mwalimu wake amemdanganya katika hayo, hatamwamini tena atakapomwambia lililo kweli.

Basi mwambieni ukweli, maana ukweli wenyewe watosha kuogopesha. Mwambieni kwamba mgonjwa wa Australia hupewa kitu kilichopimwa kwa mizani, baada ya kuchunguzwa moyo na akili, na mtaalamu akikaa kando yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini yeye anauziwa karatasi ambayo hakuna aijuaye. Mwambieni habari za wale wanane wa San Francisco na za yule binti wa Essex. Mwonyesheni mnanaha, aujue kama anavyoujua upupu.

Na zaidi ya hayo, mfundisheni kutomkimbia mwenzake. Wapo wanaokufa kwa sumu hizi kwa sababu rafiki zao waliogopa kukamatwa wakawaacha gizani, au wakawatupa mlangoni mwa hospitali na kutokomea. Kijana ajue kwamba mwuguzi atamwuliza maswali manne tu: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na pamoja na nini. Nasi waganga tushike mwiko wetu tusiulize la tano. Kuwatafuta wauzaji ni kazi ya vyombo vya dola, na sheria yake ipo. Siku mgeni wa mapokezi yetu atakapoona kwamba swali la kwanza ni "Nani kakuuzia?", ndiyo siku atakayofunga mdomo, na mdomo uliofungwa hauwezi kutuambia kama ni uyoga au ni mnanaha.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuitetea dawa yoyote ya kulevya. Nimekuja kumtetea mtu aliyekwisha kuimeza. Aliyekosea ataonywa, na anayestahili kushitakiwa atashitakiwa. Lakini hakuna anayeonyeka akiwa maiti. Kwanza tumpe pumzi, tumpoze, tumkalishe na mtu wa kumwambia yuko wapi. Kwa hiyo naomba kila zahanati iliyowakilishwa hapa, itakaporudi kazini, iulize maswali matatu: kipimajoto kipo? diazepamu ipo? na je, kuna mwenzetu aliyejiandaa kuwaambia watu wanne waliobeba mgonjwa, usiku wa manane, katikati ya makelele, kwamba kamba hiyo ifunguliwe?